Vionjo vya Dukani

Somo alikuwa na tabia moja iliyonifanya nitembee nyuma yake kidogo, kama mtu asiyemjua. Akishaingia duka la vipodozi, hakuuliza bei wala hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye meza ya chupa zilizofunguliwa, zile ambazo wenye duka wanaziita testa, akakunja mikono ya buibui hadi kwenye viwiko, kisha akaanza kazi. Chupa hii kwenye kifundo cha mkono, hii ndani ya kiwiko, hii nyuma ya sikio, hii kwenye upindo wa mtandio. Viungo vikimwishia alinigeukia mimi.

"Lete mkono, mwanangu. Mimi nimejaa."

Nami niliuleta, macho yangu yakiwa kwenye vigae vya sakafu.

Wasichana wa duka walimjua. Mmoja wao, mwenye kucha ndefu za kubandika, alikuwa akimwona mlangoni tu anamkonyeza mwenzake. "Cheki, mathe wa testa amekam." Na mwenzake alijibu, "Wacha ajipulizie, si ni za bure? Lakini hiyo mpya ficha." Walisema hayo kwa sauti ya watu wanaodhani kwamba mzee mwenye buibui hajui Sheng. Somo alikuwa ameishi Majengo miaka mingi kabla ya kuhamia kwetu Kayole, na Sheng aliisikia ikikua kama unavyosikia watoto wa jirani wakikua. Akamaliza kujipulizia, akafunga vifuniko vyote kwa utaratibu, halafu akamwambia yule wa kucha kwa upole kabisa, "Hiyo uliyoificha, mama, inanuka dawa ya mende. Iuzeni mapema." Tukatoka bila kununua hata pini.

Hakupenda neno testa. Yeye aliziita vionjo. Alisema sokoni mwuza maembe hukukatia kipande uonje, na ukikataa umemdharau, na ukila lote umemwibia; mtu mwenye adabu huonja, husifu, akaenda zake. Mimi ni mwanamke wa Kikamba na nimefanya kazi ya ukarani tangu nimalize shule, na ofisini kwetu kitu cha bure kina maelezo marefu. Hesabu yake ya vionjo haikuniingia kamwe. Lakini Jumamosi nilikuwa sina kazi, naye alitaka mtu wa kushika mkoba, basi tulikwenda. Siwezi kusema kwamba sikupenda. Nilipenda sana, na niliona aibu kila mara, na mambo hayo mawili yalikaa pamoja ndani yangu kwa miaka bila kugombana.

Jina lake silitaji kwa sababu hata mimi sikulitumia. Kwa watu wa pwani na kwa wale Waislamu wa Nairobi waliorithi desturi zao, somo ni mwanamke anayekaa na bibi harusi siku za mwisho kabla ya ndoa. Humsugua kwa liwa, humfukiza udi, humpaka hina na wanja, na humweleza mambo ambayo mama mzazi anaona haya kumweleza. Wapo masomo wengi. Wetu alikuwa mmoja, wa chini kabisa kwenye ploti yetu, mlango wa karibu na bomba la maji, na hata watoto wa Wakikuyu wa ghorofa ya juu walimwita Somo wakidhani ndilo jina alilobatizwa.

Mamangu hakumpenda mwanzoni. "Huyo mama anafundisha wasichana mambo," aliniambia, na neno mambo alilitamka kama linalonuka. Mamangu ni mtu wa kanisa. Lakini siku aliyoanguka bafuni akateguka mguu, ni Somo aliyemwosha na kumsitiri, na tangu hapo lile neno mambo alilitamka kwa sauti ya kawaida.

Mtu aliyemwona madukani tu angedhani ni mwanamke asiyejali uchafu. Kumbe hakuna mtu Kayole nzima aliyekuwa na wasiwasi wa uchafu kama yeye. Chumba chake kilikuwa na beseni tatu na ole wako uoshe mikono katika beseni la mboga. Taulo ya bibi harusi mmoja haikugusa uso wa mwingine. Vijiti vya wanja alivichonga mwenyewe, akavilainisha kwa kigae cha chupa, na kila bibi harusi alipata kijiti chake. Akimaliza kumpaka alikivunja mbele ya mama wa binti ili kila mtu aone.

Nilimwuliza kwa nini avunje kitu kizuri namna ile.

"Jicho ni chumba cha kulala," alisema. "Hakiingiwi na viatu vya mtu mwingine."

Alikuwa na maneno ya aina hiyo, na alitaka uyasikie. Jingine alilolipenda lilihusu haya na aibu, ambayo kwake hayakuwa neno moja. Haya, alisema, mtu huvaa mwenyewe akitaka, na humpendeza. Aibu hupakwa na wenzako. Mwanamke asiye na haya alimsikitikia. Aliyetiwa aibu alimpikia uji.

Basi hebu mtazame mtu huyo huyo ndani ya duka. Siku moja msichana wa chuo, mrembo wa watu, alichukua rangi ya mdomo kwenye meza ya testa akajipaka moja kwa moja, mdomo wa juu, mdomo wa chini, akatabasamu kwenye kioo. Somo alikuwa amesimama kando yake na mikono inayonukia makabila yote ya marashi.

"Mwanangu," akauliza, na sauti yake haikuwa ndogo, "umembusu nani?"

"Sijakiss mtu, mathe," msichana akasema, akicheka.

"Umewabusu. Wote waliopita hapa tangu duka lifunguliwe umewabusu leo, na hakuna hata mmoja unayemjua jina."

Duka zima liliangua kicheko. Msichana alijifuta kwa kiganja mpaka rangi ikamfika shavuni, akaweka ile rangi chini, akatoka karibu kulia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nje nilimwambia Somo kwamba amemwonea, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa amejipaka testa mwili mzima.

"Mimi nimejipulizia," alinisahihisha. "Kupulizia si kugusa. Na marashi yana spiriti. Spiriti huua."

Hiyo ndiyo ilikuwa imani yake, na aliishika kama watu wanavyoshika dini. Mtoto akijikata, Somo alileta marashi. Choo cha ploti, tulichotumia sote wa chini, alikinyunyizia kitasa chake kila asubuhi kwa kichupa chake mwenyewe, na kwa sababu yake choo chetu kilinukia mawaridi nje na yale mengine ndani. Sarafu alizorudishiwa na makanga wa matatu alizipulizia kabla ya kuzitia kwenye pochi. Kijana mmoja jirani alimwambia, "Somo, hata germs zako zinanukia poa." Alicheka mpaka akakaa chini. Alipenda kutaniwa, mradi usimguse kwenye kazi yake.

Kwenye kazi yake ndiko alikoguswa, na zilizoanza ni simu. Zamani bibi harusi alikuwa akija kwake bila kujua anataka uso gani; alichukua atakaopewa. Sasa walikuja na picha. "Nataka hivi, Somo." Alishika simu mbali na macho, akaigeuza huku na huku. "Huyu ana uso au amechorwa?" Wakacheka, kisha wakaenda kwa wasichana wa saluni wenye masanduku yenye droo nyingi, poda za kila rangi ya ngozi, kope za bandia, na taa ya duara. Somo alikuwa na wanja, hina, liwa, na chetezo. Nilianza kumwona akikaa mlangoni siku za Ijumaa na beseni zake zimefunikwa. Ukimwuliza, alisema msimu huu watu hawaoi. Sote tulikuwa tukisikia vigelegele vya magari ya harusi yakipita Spine Road, lakini hakuna aliyembishia.

Kisha akaja Mama Rukia. Alikuwa na kibanda cha leso Muthurwa, na alisifika kwa jambo moja: ukimweleza ugomvi wako, au mapenzi yako, atakuchomolea katika rundo leso yenye jina linalosema hasa unachotaka kumwambia mtu bila kufungua mdomo. Somo ndiye aliyempamba yeye alipoolewa, na hakutaka mwingine ampambe binti yake. Rukia alitaka uso wa simu. Mama alitaka Somo. Wakakaa chumbani kwa Somo wakivutana, nami nilikuwepo nikimenya viazi.

"Msigombane," Somo akasema. "Nitampa vyote viwili."

Nilimtazama. Nilijua alichokuwa nacho kwenye kabati, na hapakuwa na hata kimoja cha kutengenezea uso wa simu. Naye alijua kwamba najua, kwa sababu hakunitazama.

Ningeweza kumwuliza. Yeye pia angeweza kumwambia Mama Rukia, "Poda hizo sina, mletee binti yako msichana wa saluni kwa uso, mimi nitashika mengine." Maneno machache tu. Lakini mwanamke aliyesifiwa miaka yote kwa mkono wake hawezi kusema mkono wangu mtupu, na mimi wa kumenya viazi nilikuwa nani niseme kwa niaba yake?

Asubuhi ya siku ya kupamba, yaani siku ambayo bibi harusi hukalishwa mbele ya wanawake wamtazame, Somo aligonga mlango wetu. "Nisindikize mjini, mwanangu." Nyuma yake alisimama mtu amejifunika nikabu mpaka macho. Ilikuwa ni Rukia. Nilishtuka kwa sababu bibi harusi wao akishawekwa ndani hatoki, hata dirishani hachungulii. Somo alikuwa amewaambia kwao kwamba wageni wamejaa na moshi wa jikoni utamharibia udi, kwa hiyo atamfukizia kwake.

Tulikwenda duka lile lile. Safari hii hakwenda kwenye marashi kwanza. Alimkalisha Rukia kwenye kigoda mbele ya kioo, akamfunua uso, akaanza: poda kwa sponji ya duka, wekundu wa mashavu kwa brashi ya duka, rangi ya mdomo ambayo aliikwangua juu kwa ukucha kwanza na kumpaka kwa kidole chake alichokiosha. Sitamnyima haki yake: mkono ule ulikuwa haujawahi kushika vitu vile, na bado ulijua. Rukia alianza kupendeza kama picha. Watu wawili watatu walisimama kutazama, nami kwa mara ya kwanza katika duka lile nilisogea karibu badala ya kusimama mbali.

Akachukua wanja wa kope, ule wenye kibrashi, wasichana wanauita maskara. Alipokichomoa kibrashi mkono wake ulisimama. Kilikuwa kimeganda mabonge, na unywele mmoja ulining'inia. Nilimwona akikitazama. Alikitazama kama mtu aliyekutwa mahali asipopaswa kuwa.

"Macho ndiyo nayataka hasa, Somo," Rukia akasema.

Yule msichana wa kucha ndefu alikuwa amesogea, na siku hiyo hakukonyeza mtu. "Mathe, hiyo ya macho sikudanganyi, imekaa hapo kitambo. Kila mtu hujipaka. Nunua tu yako."

 Somo aliuchomoa ule unywele. Akanyoosha mkono hadi meza ya pili, akachukua chupa ya marashi, akakipulizia kile kibrashi mara nyingi mpaka kikadondosha, akakikung'uta, akakipepea, akangoja kidogo.

"Nimeshaviua vijidudu," akasema, nadhani akimwambia yule msichana. Akataja jina la Mungu, akampaka.

"Somo, inawasha."

"Uzuri huwasha, mwanangu. Vumilia."

Alasiri hiyo, katika ukumbi mmoja wa Komarock, Rukia alikaa kwenye kiti kilichopambwa, na machozi yakawa yanamtiririka. Wanawake walifurahi mno. Bibi harusi anayelia ni bibi harusi aliyelelewa. "Tazama binti mwenye haya!" shangazi mmoja kutoka Mombasa akapaza sauti, na vigelegele vikapigwa tena na tena, na kila vilipopigwa Rukia alilia zaidi, na kila alipolia vilipigwa. Somo alisimama nyuma ya kiti akimfuta mashavu kwa leso ya mkono. Alipongezwa na watu wengi. Mimi niliona kwamba hamsikilizi yeyote.

Kesho yake Rukia hakuweza kufungua macho. Yalikuwa yamevimba, usaha umeyaganda, na alipiga kelele mtu alipofungua pazia. Tulikuwa wengi katika zahanati ile, kina shangazi, majirani, mamangu pia. Daktari alikuwa kijana. Akauliza amepakwa nini machoni.

"Wanja wetu tu," Mama Rukia akasema haraka. "Wa nyumbani. Somo huyu hapa, muulize, hana mchezo na usafi. Kila mtu kijiti chake."

Ingekuwa rahisi kuliacha hapo. Hata kina shangazi walikuwa wameanza kumtafuta mwenye kijicho aliyemtazama vibaya binti wao.

"La," Somo akasema. "Si wanja wangu. Nilimtoa nje nikampeleka dukani, nikampaka kionjo. Kilikuwa kichafu, nikakiona kwamba ni kichafu. Nikakitia marashi, nikampaka."

Daktari aliinua kichwa. "Marashi? Machoni?" Nilimwona akitaka kucheka, kisha akaona nyuso zetu, akaandika. Alisema marashi yameunguza, na huo uchafu wa brashi ukapata mlango wazi. Kwamba ataanza dawa mara moja. Kwamba kwa sasa hawezi kuahidi kitu.

Hakuna aliyemfokea Somo. Walisogea tu. Benchi lilikuwa limejaa watu, na baada ya maneno yale upande wake ulibaki mtupu, na mimi nilikuwa mmoja wa wale waliosimama upande mwingine, na mkoba wake mkononi. Sikujua kama nimrudishie au niendelee kuushika. Nilikaa nao mpaka jioni.

Kwa muda hatukujua kama Rukia ataona sawasawa. Somo hakula. Alikaa kando ya beseni zake na tasbihi, na ukimsalimia alikuuliza kwanza, "Amefungua macho?" Kisha yakafunguka. Yalipona polepole, na leo anaona vizuri, ila picha za harusi hazikuweza kungoja. Katika picha zote bibi harusi amevaa miwani myeusi ya kaka yake, na bwana harusi amesimama kando anajaribu kutabasamu kama mtu aliyeoa mwanamuziki.

Ada ya somo, kazi ikikamilika, ni nguo. Mama Rukia hakuwa mwanamke wa kuvunja desturi hata akiwa na hasira. Alituma mtu alete doti ya leso, mpya, nzuri, nyekundu na nyeusi, imekunjwa vizuri katika karatasi. Somo aliifungua mbele yangu. Tukasoma jina lake pamoja:

JICHO NILILOKUPA UMELITIA MCHANGA

Najua jinsi Mama Rukia alivyokuwa akitafuta leso. Alipekua marundo, alituma kwa wenzake, alingoja mzigo mpya. Hii ilitafutwa. Niliona uso wangu ukiwaka kana kwamba ni mimi niliyepewa, nikamwambia Somo nikaichome, au nimpe mtu wa mbali asiyejua kusoma Kiswahili.

"Kwa nini?" akaniuliza. "Ada ni ada. Mtu akikupa nguo, unaivaa."

Akaivaa. Nilidhani ataivaa ndani tu, kwa kupikia. Akaivaa bombani, akaivaa dukani, akaivaa kwenye matanga ya mtu ambapo wanawake wote waliketi nyuma yake wakasoma. Waliojua walikohoa. Wasiojua waliuliza, na waliojua wakaeleza, na hivyo habari ikafika hata kule ambako ingekuwa haijafika. Mamangu alishindwa kuvumilia. "Mama, kwani huna leso nyingine?" akamwuliza. "Ninazo," Somo akajibu, "lakini hii ndiyo yangu." Mamangu akaenda kumletea uji.

Mimi sikuweza kuzoea. Alipokuwa akijipulizia testa nilimwonea aibu ya kitoto, aibu ya mtu anayeogopa wauzaji watasema nini. Hii ya leso ilikuwa nyingine. Nilipomwona kwa mbali na yale maandishi kiunoni, nilibadilisha njia, nikasingizia haraka. Si kwamba nilimchukia. Sikujua nimtazame wapi. Nikiangalia maandishi nimemsoma, nikiangalia uso nimeyakwepa, naye anajua.

Hakumpamba bibi harusi tena. Wapo waliokuja, kwa sababu watu husahau na masomo wa kweli wamebaki wachache, lakini aliwarudisha. Vijiti alivyokuwa amechonga alivitia jikoni pamoja na makaa. Madukani bado alikwenda mara moja moja, na mara ya mwisho nilipomsindikiza alisimama mbele ya meza ya chupa na mikono nyuma, kama mwanafunzi mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu. Yule wa kucha ndefu alimwona. Hakujua yaliyotokea, nadhani alikuwa amemkumbuka tu. "Mathe, si ujaribu? Tumeleta mpya, na hii sijaificha."

"Asante, mama," Somo akasema. "Nimeshajaribu."

Baadaye alihamia Komarock kwa mjukuu wake, na mimi nikabaki Kayole na maisha yangu. Miezi ikapita, halafu zaidi. Nilituma salamu kupitia watu. Nilisema nitakwenda.

Nilikwenda nilipokuwa na sababu. Nilikuwa nimepata mchumba, kwa umri ambao mamangu alishaacha kuombea jambo hilo hadharani, na nilikuwa nikipeleka kadi za harusi. Somo alinifungulia mwenyewe. Alikuwa amepungua, na nguo aliyovaa ilikuwa gauni la kawaida. Aliisoma kadi mara mbili, akaibusu, akanibariki kwa maneno mengi mpaka nikaanza kulia, naye akacheka na kunikalisha kwenye kiti karibu na dirisha. Chumba kilikuwa kinanuka sabuni ya dawa. Mikono yake ilikuwa imepauka kwa kuoshwa na kucha zimekatwa mpaka kwenye nyama.

"Na nani anakupamba?"

Nilikuwa nimelifikiria swali hilo njia nzima, nikiomba asiniulize. "Kuna msichana wa saluni, hapo tu nyuma ya stendi."

"Vizuri," akasema, na niliona kwamba kweli amefurahi, au anajua kufurahi vizuri. "Mkono mzuri?"

"Wanasema."

"Ana brashi zake? Anazisafisha?"

"Anasafisha, Somo." Sikuwa nimewahi kumwuliza yule msichana.

Alinitazama, na polepole yale macho ya kazi yakamrudia, yale ya kupima uso wa mtu kama fundi cherehani anavyopima bega kabla ya kushika futi. "Mwambie nyusi zako asizipunguze," akasema. "Watu wenu mna nyusi nzuri, hamjui tu. Hapa, pale mwisho, amalizie kidogo tu. Hapa..." Na mkono wake ukainuka kuja kunionyesha, kidole kimoja kimenyooka, kuelekea pembe ya jicho langu.

Kichwa changu kilirudi nyuma.

Sikukituma. Kilirudi kidogo sana, mtu wa tatu asingeona. Lakini huyu alikuwa ameshika nyuso za wanawake maisha yake yote, na alijua uso unaokuja na uso unaokwenda.

Kidole chake kilisimama hewani. Kisha akakigeuza kiganja, akakipunga mara moja mbele ya uso wangu, pu, kama anayefukuza kitu.

"Nzi," akasema. "Nzi wa huku Komarock hawana adabu."

Hapakuwa na nzi. Dirisha lilikuwa limefungwa.

"Kweli, Somo," nikasema. "Wamezidi."

Akarudisha mikono yake yote miwili mapajani, akaifunika kwa kadi yangu, akaniuliza kanisa lenyewe liko upande gani wa barabara.